Cheti cha Kuzaliwa cha Bunduki

Hesabu ya silaha ambazo Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alizikabidhi kule Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, ni fupi, na mwenyewe aliichapa mwaka 1920 katika kitabu cha kumbukumbu zake: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, bunduki 1,071, risasi 208,000. Kati ya bombomu hizo, za Kijerumani zilikuwa saba. Kati ya bunduki 1,071, ya Kijerumani haitajwi hata moja. Zote anaziita za Kiingereza na za Kireno. Hilo lilikuwa jeshi la Mjerumani la Afrika Mashariki, Wazungu 155 na askari 1,168, lililopigana miaka minne bila kusalimu amri. Mwaka mmoja nyuma, Oktoba 1917, lilikuwa bado huku kwetu kusini, likipambana na Waingereza siku nne pale Mahiwa, mahali ambapo mtu wa Mitwero au Mingoyo anafika kwa gari asubuhi na kurudi jioni. Nimeichukua hesabu ile ya Abercorn iwe mizani. Sitapimia jeshi, limeshapimwa sana. Nitapimia vitabu.

Ulaya na Marekani kuna fani nzima ya vitabu vya rejea kwa wakusanyaji wa silaha za zamani za Kijerumani. Ludwig Olson alitoa kitabu chake juu ya bunduki za Mauser mwaka 1950, nacho kimerudi mitamboni mara kadhaa tangu hapo. Hans-Dieter Götz aliandika kwa Kijerumani, katika miaka ya 1970, kitabu kinachoanza na bunduki ya mwaka 1871 na kuishia 1945. Robert Ball alizipanga Mauser za dunia nzima nchi kwa nchi, kwa alfabeti. Dieter Storz, mwanahistoria wa Makumbusho ya Jeshi ya Bavaria pale Ingolstadt, akaja baadaye na kazi nzito juu ya bunduki ya 98, yaani ya mwaka 1898, yenye nyaraka nyingi kuliko wote waliomtangulia. Msomaji wa vitabu hivi hahitaji hadithi. Ana bunduki mkononi, au anataka kuinunua, na ana maswali mafupi: imetoka kiwanda gani, Spandau, Danzig, Erfurt, Amberg au Oberndorf? Mwaka gani? Namba iliyo kwenye mtutu inalingana na ile ya komeo? Muhuri huu mdogo wa herufi na taji ni wa mkaguzi yupi? Kitako ni cha asili au kimebadilishwa? Na swali ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini: ziko ngapi zilizobaki, na bei yake ni kiasi gani? Kwa hiyo desturi ni kukisifu kitabu kwa ukali wa picha zake, kwa wingi wa aina zilizoorodheshwa, na kwa jedwali la namba lisilo na kosa.

Hizo ni sifa za haki, wala sizibezi. Aliyewahi kuona picha iliyochapwa vibaya, muhuri umekuwa doa jeusi, anajua kwamba kitabu cha namna hiyo ni sawa na taa isiyo na mafuta. Lakini zinapima nusu ya kazi tu. Muhuri wa kiwandani ni cheti cha kuzaliwa. Unasema bunduki ilizaliwa wapi na lini, na nani aliikagua siku ile. Hausemi ilikwenda wapi baada ya hapo, nani aliibeba, nani alimpokonya nani. Kitabu kizuri cha rejea, kwa kipimo changu, ni kile kinachomweleza msomaji kimeyajuaje yanayosemwa, tena kinajua pale ushahidi wa chuma unapokoma. Kitabu kisichotenganisha kuzaliwa na kuishi kitamdanganya mkusanyaji mwenyewe, na si mwanahistoria peke yake. Pwani ya Kilwa na Lindi ni mahali pazuri pa kulionyesha hilo, kwa sababu hapa bunduki zilibadilisha mikono haraka kuliko mihuri.

Tuanze na ile iliyofika kwanza. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alikuja kuzima upinzani wa pwani akiwa na jeshi la kukodi, wengi wao Wasudani walioandikishwa Cairo. Walibeba Mauser ya mwaka 1871, ile fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya vikosi vya Jäger. Bunduki ya risasi moja moja, mtutu wa milimita 11, baruti nyeusi yenye moshi. Mei 1890 jeshi hilo liliiteka Kilwa Kivinje, na siku chache baadaye Lindi. Vitabu vya wakusanyaji huieleza bunduki hiyo vizuri kabisa: urefu, uzito, pete, mabadiliko ya skrubu. Na kwa mpangilio wao maisha yake yanaishia mapema, kwani kufikia mwisho wa miaka ya 1880 Ulaya ilikuwa imehamia kwenye baruti isiyo na moshi, na bunduki ya 88 ikachukua nafasi. Kwa mkusanyaji wa Munich, mwaka 1890 bunduki ya 71 imestaafu. Kwa mtu wa Kilwa, mwaka 1890 ndipo imeanza kazi. Itakuwa silaha kuu ya askari wa Kiafrika katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na mwaka 1914, vita kuu ilipoanza, kampuni nyingi kati ya 14 za jeshi la koloni zilikuwa bado zinaibeba. Jeshi lililoiona haifai tena kwa mwanajeshi wa Prussia liliiona inamtosha askari wa Lindi. Hilo ni jambo la bajeti, na ni jambo la namna Mjerumani alivyomhesabu aliyempa silaha ile. Jedwali lenye safu ya mwaka wa kuanza na mwaka wa kuacha halina pa kuliweka.

Halafu bunduki ile haikukaa upande mmoja. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe waliivunja safari ya kijeshi ya Emil von Zelewski na kumwua yeye mwenyewe, wakachukua bunduki kwa mamia pamoja na baruti na risasi. Tangu siku hiyo hadi ngome yao ya Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894, Mauser ya 71 yenye muhuri wa kifalme ilikuwa pia silaha ya Mkwawa, mtawala wao. Mkusanyaji aliyeshika moja ya zile leo, kama ipo, ataisoma kwenye kitabu chake kuwa ni bunduki ya koloni ya Kijerumani, na kitabu hakitakuwa kimesema uongo. Kitakuwa kimesema sehemu isiyo na ladha.

Lakini mfano ulio mzito zaidi ni ule wa vita kuu, na hapo naomba msomaji asiniharakishe. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilizingirwa na meli za Waingereza tangu mwanzo. Silaha mpya zilimfikia kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa ya adui: Novemba 1914 pale Tanga, kwa hesabu yake mwenyewe, alichukua bunduki za kisasa kwa mamia, bombomu 16 na risasi 600,000, akabadilishia silaha kampuni zilizokuwa na zile za 71. Njia ya pili ilikuwa ya bahari. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojificha chini ya jina la Kideni, ilifikishwa Manza karibu na Tanga na kuzamishwa na nahodha wake chini ya mizinga ya Waingereza. Shehena ikaopolewa, na kwa kuwa maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye risasi, ikahitajika kazi ndefu ya kuzikagua na kuzisafisha moja moja kabla ya kuaminika. Machi 1916 meli nyingine, Marie, iliingia hori ya Sudi, kusini mwa Lindi. Ilileta mizinga, ikiwemo minne ya sentimita 10.5, na risasi, na mizigo ilikuwa imefungwa tayari kwa kadiri ya kichwa cha mpagazi. Aliyefunga shehena ile Ujerumani alijua kwamba kutoka Sudi hakuna reli. Alijua ni watu ndio watakaobeba, na wapagazi wakabeba. Kisha Marie ikaponyoka na kwenda zake hadi Batavia. Risasi iliyosafishwa na mikono ya watu wa Tanga na nyingine iliyotembea juu ya vichwa kutoka Sudi hazitofautiani kwa muhuri na risasi iliyokaa kimya kwenye ghala la Spandau.

Njia ya tatu ndiyo inayovunja kabisa mpangilio wa vitabu. Tarehe 25 Novemba 1917, mwaka mzima kamili kabla ya Abercorn, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano. Alikuta bunduki, bombomu, risasi robo milioni, na sehemu kubwa ya jeshi lake ikapata silaha mpya. Bunduki za Kireno, tunaambiwa. Sasa tuziulize zilizaliwa wapi. Bunduki ya kisasa ya jeshi la Ureno wakati huo ilikuwa Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, milimita 6.5, iliyotengenezwa Berlin, katika kiwanda cha DWM, kampuni ileile iliyotengeneza bunduki za 98 kwa ajili ya Wajerumani wenyewe. Askari wa makoloni ya Ureno walibeba pia Kropatschek ya mwaka 1886, milimita 8. Hiyo ilitoka Steyr, Austria. Kwa hiyo, iwe ipi kati ya hizo mbili, bunduki ya “Kireno” iliyochukuliwa Ngomano na askari wa Mjerumani ilikuwa imezaliwa Berlin au Steyr. Iliuzwa Lisbon, ikashushwa Msumbiji, ikatekwa kando ya Ruvuma na mtu ambaye pengine aliandikishwa Tabora au Songea, ikabebwa mwaka mzima kwa ajili ya Kaizari, na mwishoni ikahesabiwa na Mwingereza kama mali ya Mreno. Katika kitabu cha Ball, kwa kuwa kinakwenda nchi kwa nchi, ndugu huyu, kama ni Mauser, anakaa chini ya herufi ya Ureno. Katika kitabu cha bunduki za Wajerumani hana sababu ya kuwemo. Na ile Lee-Enfield iliyotekwa Tanga nayo ina kitabu chake kingine, cha Waingereza. Mkusanyaji anayetaka kujenga kabati la jeshi la Wajerumani wa Afrika Mashariki kwa kufuata vitabu atajaza kabati bunduki ambazo jeshi lile lilikuwa limekwisha kuziacha, na ataziacha nje zile lililozibeba siku ya mwisho.

Mwenye kutetea vitabu ana jibu, nalo si dhaifu. Atasema: usimlaumu seremala kwa kutokujua kuvua. Kitabu cha rejea ni kitabu cha kuainisha. Kazi yake ni kukuwezesha kuitambua bunduki iliyo mbele yako, kama kitabu cha ndege kinavyokuwezesha kumtambua ndege. Hakuna anayekidai kitabu cha ndege kieleze kila kunguru ameiba samaki wa nani. Ningekubali, kama vitabu vyenyewe vingekubali. Tatizo ni kwamba havibaki kwenye kuainisha. Karibu vyote hupanda ngazi moja juu na kusema kuhusu matumizi: bunduki hii ilitumiwa na vikosi hivi, ile ni adimu, nyingine ilikuwa ya makoloni. Pale vinapopanda ndipo ninapovidai ushahidi. Tena neno “adimu” si la kuainisha hata kidogo. Ni la kuhesabu, na anayehesabu lazima aseme amehesabu nini.

Hapo ndipo penye ufa mkubwa wa fani hii. Vitabu vingi vya wakusanyaji vimejengwa juu ya bunduki zilizoonekana, yaani zilizoko katika mikono ya wakusanyaji wenzao. Jedwali la namba huundwa kwa kukusanya namba kutoka kwa wenye nazo. Bunduki hizo zilibaki kwa sababu gani? Kwa sehemu kubwa kwa sababu wanajeshi wa Marekani na Uingereza walirudi nazo nyumbani kutoka Ulaya, 1918 na 1945. Bunduki za kusini mwa Tanganyika hazikuwa na mwanajeshi wa kurudi nazo Ohio. Nyingine ziliharibiwa na wenyewe wakati wa kurudi nyuma, nyingine zilikabidhiwa zikayeyushwa, nyingine zililiwa na kutu ya chumvi. Kwa hiyo jedwali linapoonyesha kwamba bunduki zenye herufi K.S., alama ya jeshi la ulinzi la kifalme la makoloni, ni chache mno, halionyeshi kwamba zilikuwa chache. Linaonyesha kwamba hazikuokoka, au kwamba hakuna aliyekuja kuzitafuta huku. Mvuvi anayetupa juya lenye macho makubwa asiseme bahari haina dagaa.

Na uchache wa namna hiyo una gharama yake sokoni. Muhuri adimu huongeza bei, na kinachoongeza bei huigwa. Kadiri kitabu kinavyochapa picha safi ya K.S. ikiwa imekuzwa, na vipimo vya herufi, ndivyo kinavyomfundisha mghushi. Sisemi picha zifichwe. Nasema kitabu kinachotegemea muhuri peke yake kinamwacha msomaji bila ngome pale muhuri unapoweza kupigwa upya katika karakana yoyote yenye nyundo na mtu mvumilivu. Ngome ni nyaraka: orodha za ununuzi, barua za ghala, maagizo ya kupeleka silaha. Hizo haziigwi kirahisi, na zinaweza kumwambia mtu kwamba kampuni fulani haikuwahi kupewa bunduki ya aina hiyo, hata muhuri ung'are vipi.

Ndiyo maana namweka Storz juu ya wenzake. Hakuanzia kwenye bunduki. Alianzia kwenye karatasi za jeshi. Msomaji afahamu ugumu wa kazi hiyo. Hifadhi ya nyaraka za jeshi la Prussia pale Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945, kwa hiyo anayeandika juu ya bunduki za Prussia analazimika kupita Munich na kwingineko, kwenye majimbo ambayo karatasi zake zilisalimika, kisha kulinganisha. Mtu aliyelazimika kufanya hivyo hujifunza kuandika kwa tahadhari, na tahadhari inaonekana kwenye ukurasa. Lakini ninalo la kuongeza ambalo fani hii imelizembea kwa muda mrefu. Jeshi la koloni halikuwa chini ya wizara ya vita ya Prussia. Lilikuwa chini ya mamlaka ya makoloni, ambayo mafaili yake mengi yalisalimika na yako leo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Berlin. Na mafaili ya serikali ya koloni yenyewe yako Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, yakiitwa kwa miaka mingi rekodi za Kijerumani. Mkusanyaji wa Ulaya anayelalamika kwamba ushahidi wa bunduki za Afrika Mashariki haupo amefunga safari hadi Potsdam na kukuta majivu. Hajafunga safari ya kuja huku.

Kuna ushahidi mwingine ambao fani hii haiuhesabu kabisa, nao ni wa lugha yetu. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alitunga utenzi wa vita vya Maji Maji, ukachapwa Ujerumani mwaka 1933 kwa kazi ya Lorenz, ukatolewa tena 1957 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Whiteley. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya vita hivyo. Gilbert Gwassa na John Iliffe nao walichapa kitabu cha rekodi za vita hivyo. Humo mna bunduki, na mna watu waliokuwa mbele ya mtutu wala si nyuma yake. Najua pingamizi linalokuja: mshairi si mkaguzi wa silaha, na mzee wa Nandete, kule Matumbi, hakuweza kutofautisha 71 na 88. Labda. Lakini tutazame majina ambayo Kiswahili chenyewe kilizipa silaha. Bunduki ya gumegume inawaka kwa jiwe. Bunduki ya fataki inawaka kwa kifuniko kidogo cha shaba. Gobori linashindiliwa kupitia mdomoni. Bombomu imeitwa kwa mlio wake. Mjerumani alizipanga silaha zake kwa mwaka ambao kamati ilizikubali, 71, 88, 98. Mswahili alizipanga kwa namna zinavyoshika moto na namna zinavyosikika. Huo nao ni uainishaji, na kwa swali la nani aliweza kumpiga nani na kwa kasi gani, ni uainishaji bora. Shahidi anayesema aliona moshi ametueleza aina ya baruti, na kwa hiyo ametuondolea bunduki ya 98. Lettow-Vorbeck mwenyewe alilalamikia moshi wa zile za 71, kwamba ulimwonyesha adui askari alipojificha. Jenerali na mzee wa kijiji walitazama kitu kilekile. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliwekwa kwenye orodha ya vyanzo.

Gobori nalo linastahili ukurasa katika kitabu cha silaha za Kijerumani, ingawa halikuwa la Kijerumani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Mlango huo ndio ulioamua ni nini kilishikwa na watu wa Matumbi mwaka 1905 na ni nini kilishikwa na askari waliotumwa kwao. Kuieleza Mauser ya 71 kama silaha dhaifu, iliyopitwa na wakati, kama wafanyavyo waandishi wa Ulaya, ni kuipima na bunduki ambayo haikuwa mbele yake. Mbele ya gobori, na bombomu ikiwa ubavuni, haikuwa dhaifu hata kidogo.

Nisionekane namwamini Lettow-Vorbeck kupita kiasi. Kitabu chake kiliandikwa mara baada ya kushindwa kwa nchi yake, kwa wasomaji waliohitaji shujaa, na mengi ndani yake yanahitaji kusomwa kwa jicho moja wazi na jingine wazi zaidi. Hesabu za Tanga ni za mshindi anayehesabu nyara. Lakini ile ya Abercorn ina ulinzi wa aina yake: upande wa pili ulikuwepo, ukipokea bunduki moja baada ya nyingine, na jenerali hakuwa na faida yoyote kujipunguzia bunduki za Kijerumani mbele ya wasomaji wa Kijerumani. Ushahidi unaomgharimu anayeutoa una uzito kuliko ule unaompamba. Kigezo hicho kinafaa kwa vitabu vya wakusanyaji vilevile, ambavyo mara nyingi huandikwa na mtu mwenye mkusanyo wake mwenyewe kabatini. Anapoeleza kwamba aina aliyonayo ni ya nadra sana, msomaji ana haki ya kuchungulia kabati.

Liko swali la mwisho, na ni la haki: mtu wa Lindi yanamhusu nini? Hapa hakuna soko la bunduki za kale. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humtaka mwenye silaha awe na leseni, na hakuna afisa atakayekusikiliza ukimweleza kwamba kutu ile ni historia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo ilichora mstari wake kwenye mwaka 1863: kifaa kilichotengenezwa kabla ya hapo kinalindwa, na cha baada ya hapo husubiri kutangazwa. Mauser ya kwanza imeukosa mstari huo kwa miaka minane. Kwa hiyo mtutu unaofukuliwa shambani kando ya mto Lukuledi una njia mbili mbaya, kuwa kosa la jinai au kuwa chuma chakavu, isipokuwa kama aliyeufukua atajua la kusema anapoupeleka kituoni au makumbusho. La kusema hilo linatoka kitabuni. Mkusanyo pekee ambao mtu wa huku anaweza kuwa nao bila leseni ni wa vitabu, na ndiyo sababu ya kuvichagua kwa ukali kuliko mkusanyaji wa Ulaya, ambaye kitabu kikimdanganya anaweza kugeuka na kuitazama bunduki yenyewe.

Kipimo changu cha dukani ni chepesi. Nenda kwenye faharasa ya mwisho. Tafuta Sudi, Mahiwa, Ngomano, Lugalo. Ukiyakosa yote, tazama kama kitabu kinasema wazi kwamba kinaishia kwenye lango la kiwanda. Kikisema hivyo, ni kitabu cha kweli, kinunue kwa picha zake. Kisiposema, na bado kina sura nzima juu ya silaha za makoloni, kirudishe rafuni. Kwa mwenye fedha ya kitabu kimoja tu, ningeshauri cha Storz, ijapokuwa ni kizito na ni ghali. Cha Götz kinafaa kwa anayesoma Kijerumani na anataka kuiona njia yote tangu 1871. Cha Ball ni cha kuazima. Na pembeni ya kile cha Storz, kwa bei ambayo haifiki hata ya jalada la kile cha kwanza, nakala ya utenzi wa Abdul Karim, isomwe na penseli mkononi, ikiwekwa alama kila mahali bunduki inapolia.